Risala ya wakulima wa mpunga wa Ndungu, wilaya ya Same, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kijiji, maafisa ugani na wakulima wenzetu, karibuni Ndungu.

Mheshimiwa, mpunga katika majaruba yenye chumvi hupatwa na matatizo mawili yanayochanganywa. Chumvi hukausha ncha za majani na kuua miche kwa mabaka. Upungufu wa zinki, kirutubisho ambacho mpunga huhitaji kidogo, hujitokeza wiki 2 hadi 4 baada ya kupandikiza: madoa ya rangi ya kutu kwenye majani ya chini, uti wa jani changa kupauka upande wa shina, na miche kudumaa. Wengi wakiona hivyo humwaga urea, nayo haitibu hata moja.

Zinki mara nyingi imo udongoni, ila pH (kipimo cha uchachu au ualikali wa udongo) ikivuka 8, kama ilivyo penye magadi, zinki hushikwa udongoni, mmea usiipate. Maji yakituama hali huzidi. Ukikausha jaruba, zinki hufunguka kidogo, lakini chumvi nayo hupanda juu na kuunguza mizizi. Ndiyo maana tunasisitiza kusafisha kwanza: jaza maji yasiyo na chumvi, yatoe kwa mtaro, rudia.

Baada ya hapo mwaga kilo 10 za salfeti ya zinki kwa ekari, ukizichanganya na mchanga mkavu ili zienee, kabla tu ya kupandikiza. Usizichanganye na DAP, mbolea ya kupandia yenye fosfati, kwa sababu fosfati huishika zinki. DAP iingie mapema, wakati wa kuchavanga, yaani kuvuruga tope la jaruba.

Dalili zikishatokea, pulizia jioni gramu 75 za salfeti ya zinki pamoja na gramu 40 za chokaa iliyozimwa kwa bomba la lita 15, ukichuja vizuri. Bila chokaa majani huweza kuungua. Rudia baada ya wiki mbili. Boroni, kirutubisho kingine, isiwekwe bila kupima, kwani udongo wa chumvi wa maeneo makavu mara nyingi huwa nayo ya kuzidi.

Mheshimiwa, tunaomba kifaa cha kupimia chumvi, sampuli zetu za udongo zipimwe TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa udongo, kabla ya msimu, na mtaro wa kutolea maji uzibuliwe. Tunaomba pia usafiri wa jasi, madini yenye kalisi, kutoka Makanya, humu humu wilayani: penye magadi, zinki peke yake haitoshi mpaka kalisi ya jasi iiondoe sodiamu, iliyo ndani ya magadi, na maji yaioshe.

Tunaomba kuwasilisha.