Madirisha ya bweni yanahitaji sheria, si mwongozo

Mhariri,

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Nakuru. Kwa miaka 23 riziki ya nyumba yangu imetoka kwenye madirisha ya watu: grili za maduka, grili za nyumba za kupanga na, sina budi kusema, grili za shule. Nataja kazi yangu mapema ili msomaji ajue kwamba haya sikuyaokota kwenye mkutano.

Siku tuliyompeleka binti yetu kuanza Kidato cha Kwanza, nilizunguka bweni lao kwa jicho la fundi. Niligonga vyuma vya dirisha kwa kidole, nikakagua viungo, nikamwambia mama yake, "Hapa mwizi haingii." Matroni alifurahi kusikia. Mwaka uliofuata bweni lilishika moto usiku, na wasichana waliokuwa wamelala mbali na mlango hawakutoka. Wetu alikuwa na miaka 15. Shule sitaitaja. Walio karibu wanaijua, na walio mbali wana yao.

Ni mwaka wa saba sasa nabisha hodi katika ofisi za watu, mimi na wazazi wengine wachache, tukidai jambo moja: masharti ya usalama wa mabweni yaandikwe katika sheria yenye adhabu, na katika kila shule awepo mtu anayetajwa kwa cheo chake kuwa ndiye atakayejibu. Kila tunapofika tunapewa kiti, tunapewa pole, halafu tunaambiwa masharti yapo tayari.

Ni kweli yapo. Wizara ya Elimu ilichapisha mwongozo wa viwango vya usalama shuleni mwaka 2008, nami nimeusoma hadi nakala yangu imechakaa kwenye mikunjo. Unasema madirisha ya bweni yasiwe na grili na yafunguke kuelekea nje bila taabu. Milango iwe na upana wa angalau futi 5, ifunguke kuelekea nje, na isifungwe kwa nje hata kidogo watoto wakiwa ndani. Bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati. Kati ya kitanda na kitanda kuwe na mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Aliyeandika hayo alijua alichokiandika. Mlango unaofunguka kuelekea ndani haufunguki tena watoto 60 wakishausukuma; hilo hata mwanagenzi wangu wa mwezi wa kwanza analielewa. Lakini huo ni mwongozo. Ukiusoma mwanzo hadi mwisho hukuti mahali panaposema anayeukiuka atashtakiwa nani, wapi, wala kwa adhabu gani.

Na wala hatukuanza kuzika watoto juzi. Machi 1998 wasichana 26 walikufa katika moto wa bweni Bombolulu, Kwale. Machi 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, katika bweni lililokuwa na milango miwili, mmoja umefungwa, na madirisha yana vyuma. Wazazi wa Kyanguli walihangaika kortini miaka na miaka kutafuta fidia. Septemba 2017 wasichana 10 walikufa katika shule ya Moi Girls, ndani ya jiji la Nairobi, ambako magari ya zimamoto hayako mbali. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 ikawa zamu ya Endarasha, Nyeri, wavulana wadogo 21 wa shule ya msingi. Rais alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa. Wazazi walitolewa sampuli za DNA ili wajue maiti ipi ni ya nani. Miezi miwili baadaye Wizara ilifunga sehemu za malazi katika shule za msingi 348, nami nilipiga magoti nikashukuru. Kisha nikajiuliza: shule 348 hazikuharibika kwa usiku mmoja, sasa wakaguzi walikuwa wakipita wapi siku zote hizo?

Tabia yetu baada ya kila moto ni ile ile. Tunamtafuta mtoto aliyewasha kiberiti. Polisi wanahoji kidato kizima, runinga zinaita wataalamu wa nidhamu, na kamati inaundwa. Ilikuwapo ya Naomi Wangai mwaka 2001 na ya Claire Omolo mwaka 2016, na zote ziliandika mambo ya maana kuhusu migomo na machungu ya wanafunzi. Sina ugomvi na kumtafuta aliyewasha. Aliyechoma bweni ana kosa na ajibu. Ila moto huwashwa na mtu mmoja na mlango hufungwa na mwingine, na huyo wa pili hajawahi kutafutwa kwa bidii hiyo. Kufuli haikujifunga. Grili iliagizwa, ikapimwa, ikalipiwa kwa hundi iliyotiwa saini na watu wazima. Najua, kwa sababu hundi kama hizo nimezipeleka benki mwenyewe.

Wasomaji wengine watasema bila vyuma wezi watabeba magodoro, wavulana wataruka usiku kwenda vilabuni, na kwa shule za wasichana hofu ni kubwa zaidi. Wazazi ndio tunaoshinikiza. Nilikuwa mmoja wao, nimeshasema nilivyosifu. Lakini hebu mniruhusu niseme la kifundi. Grili inaweza kukatwa kipande cha katikati, kikatiwa bawaba mbili na komeo la ndani ambalo hata mtoto wa miaka 8 atalisukuma. Kwa nje mwizi haoni pa kushika. Kazi hiyo inaongeza saa moja na chuma kidogo kwa dirisha moja. Mwongozo unataka vyuma viondoke kabisa, nami naona ndivyo inavyopasa. Lakini hata mwenye woga wa wezi hana kisingizio cha kuwafungia watoto ndani ya sanduku.

Tena wakati wenyewe ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Godoro la sponji haliungui kama gogo la kuni. Linatoa moshi mzito mweusi, na bweni lenye vitanda vya dabo deka, kimoja juu ya kingine, limejaa sponji hadi karibu na dari. Walio kitanda cha juu moshi unawafikia kwanza, wakiwa bado usingizini. Kabla mlinzi hajaamka, hajatafuta matroni, na matroni hajakumbuka ufunguo uko kwenye kanzu ipi, mambo yamekwisha. Hapo hakuna ujasiri wa mtu utakaosaidia isipokuwa mlango ule ufunguke wenyewe.

Mabweni nayo yamefurika. Tangu 2018 Serikali inataka kila mtoto anayemaliza msingi aingie sekondari, jambo jema kabisa, lakini vitanda viliongezwa kuliko majengo. Madarasa na kumbi za kulia ziligeuzwa vyumba vya kulala. Hiyo mita 1.2 kati ya vitanda imekuwa kiganja kimoja.

Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Tuna Sheria ya Watoto ya 2022, tuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Tunachoomba ni marekebisho machache, yameze vile viwango vya 2008 na kuvipa meno. Mwalimu mkuu na mwenyekiti wa bodi watie saini kila muhula kwamba wamezunguka bweni, wamefungua kila mlango na kila dirisha kwa mikono yao. Ripoti ya mkaguzi ibandikwe langoni, aisome mzazi kabla hajashusha sanduku la mtoto. Kumfungia mtoto aliyelala mahali asipoweza kujifungulia liwe kosa la jinai hata kama moto haujatokea. Hili la mwisho ndilo mawakili wanaotusaidia wanasema litapingwa sana, na ndilo sitaliachia. Adhabu inayongoja maiti imechelewa.

Kuna hoja ya pesa, kwamba shule kongwe hazitaweza. Hapo nawakumbusha kisa cha Chicago. Tarehe 1 Desemba 1958 shule ya Our Lady of the Angels iliungua mchana, wakafa watoto 92 na watawa 3 waliokuwa wakiwafundisha. Jengo lile lilikuwa limepita ukaguzi, kwa sababu masharti mapya ya wakati huo hayakuyagusa majengo ya zamani. Baada ya mazishi waligeuza sheria ikayagusa. Kwetu tumeshazika mara ngapi? Na hata bila pesa, kutoa kufuli hakuhitaji bajeti.

Wabunge tumewaona. Tumetumia haki yetu ya kifungu cha 119 cha Katiba, tukapeleka ombi kwa Bunge lenye saini tulizokusanya sokoni, makanisani na misikitini. Mama mmoja wa kundi letu hajui kusoma. Alitia kidole gumba, kisha akauliza kama kidole kinahesabiwa sawa na saini ya daktari. Tukamwambia ndiyo. Najiona nina deni kwake kuhakikisha hatukumdanganya.

Mimi mwenyewe nilishaapa sichomelei tena grili ya chumba cha kulala isiyofunguka. Nimepoteza wateja, si haba. Mwezi uliopita mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni alikuja karakanani akitaka grili za madirisha 24. Nilimweleza mwongozo, akasema anaujua. Nikampa bei ya zenye bawaba na komeo, nikamwambia sehemu ya bawaba ntafanya bure. Akanishukuru kwa adabu, akasema bodi itakaa. Kazi ilikwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Nilipita jioni moja kuzitazama zilivyopangwa ukutani zikisubiri rangi, zote 24, nondo safi, viungo imara. Bawaba hazina. Nimeandika barua kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na nakala ninayo, imegongwa muhuri. Shule zinafunguliwa Jumatatu.

Mzazi na fundi wa vyuma,
Nakuru