Wifi, kitabu chenu bado ninacho

Wifi yangu,

Niruhusu niendelee kukuita hivyo. Jina jingine la kukuita sina.

Kitabu chenu bado ninacho, kile cha Myombekere na Bugonoka alichokupa baba yako ulipokuwa unaondoka Nansio kuja Dar. Kipo juu ya kabati, chini ya mashuka ya wageni. Kila Januari najiambia mwaka huu nakisoma. Nimesoma vingine chungu nzima kwenye daladala za Mbagala, hata vya upuuzi. Hicho nikikishika nakirudisha.

Unene wake haunitishi. Na mwanzo wake naujua, ulinisimulia mwenyewe pale uwani Tandika tukimenya mihogo, unavyojisifia Ukerewe utadhani kisiwa kizima ni cha babu yako. Mke hajapata mtoto, ndugu wa mume maneno hayawaishi, wazazi wake wanakuja kumchukua binti yao. Kisha Myombekere anamfuata ukweni, anatozwa pombe ya ndizi, anahangaika nayo mpaka inatimia ili arudishiwe mkewe. Hapo ulicheka ukapiga kisu kwenye sinia. "Wanaume wa zamani, wifi!"

Ukaniambia na habari za mzee Aniceti Kitereza mwenyewe. Alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, hakikupata wa kukichapa, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka hapa Dar mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki kabla hajakishika mkononi. Yeye na mkewe walizika watoto wao wote, na hakumwacha. Basi kitabu kilichosubiri miaka 35 kuchapwa, mimi nikikisubirisha miaka sita ni kosa kubwa hivyo?

Haya, najua siongei habari za kitabu.

Ile Jumapili uliingia na sinia la chai. Hakuna aliyekuambia ukae. Shangazi alikuwa ameshasema lake, kwamba uende kwenu ukapumzike kidogo, na wewe ulilisikia ukiwa bado mlangoni. Ukamimina tu, kikombe kwa kikombe, ukaanza na mkubwa kama ulivyofunzwa. Ulipofika kwangu ukauliza, "Wifi, sukari vijiko viwili?" Nikajibu, "Viwili." Ndiyo neno pekee nililosema siku nzima. Kaka alikuwa anaangalia simu.

Nilikuwa kitinda mimba, wifi. Nalala sebuleni kwa kaka, ada ya chuo analipa yeye. Ningesimama mbele ya shangazi niseme nini? Wewe mwenyewe unajua nyumba ile mtoto wa mwisho anasikilizwa akiulizwa chumvi iko wapi. Nilikusaidia kufunga mabegi. Nilikusindikiza hadi kituoni alfajiri. Kwani nani mwingine alitoka kitandani?

Na wewe nawe. Ulipanda basi la Mwanza hukugeuka. Nikapiga simu wiki nzima, mara inaita, mara haiiti tena. Mama alipougua nilikutumia ujumbe, kimya. Alikuwa anakuulizia, ujue. Alikuwa anakuita "mwanangu wa ziwani". Kunichukia mimi sawa, lakini mama alikukosea nini? Ukiolewa tena, na nasikia umeolewa, usiwafanyie hivyo ndugu wa mume. Mtu ukiwa na jambo liseme, usilimeze ukaondoka nalo. Sisi wengine tungejuaje?

Na hukuondoka nalo lote. Ile siku nilipokifungua kitabu kwa mara ya kwanza, karatasi ilidondoka. Ya hospitali, imekunjwa mara nne. Jina lililoandikwa juu yake si lako. Wifi, ulikuwa unaijua, ukamimina chai! Ungeitoa pale mbele ya shangazi, ningesimama. Naapa ningesimama. Au pengine ningejibu vijiko viwili vilevile.

Hili nisingeliandika mbele za watu. Lakini nimeshaliandika, na namba yako sina.

Kuna dereva wa basi la Mwanza anachukua vifurushi pale Mbezi, anasema kwenye kivuko kuna mtu wake, kitafika. Kitabu ni cha baba yako, nakirudisha. Nimeshakizungushia kitenge kisilowe. Ila nijibu hata kwa neno moja: ile karatasi niiache humohumo, au niichome?