"Ingia kwanza" si ahadi ya ajira

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu ushauri wanaopewa watafuta kazi kila siku: "Chukua hata mkataba wa saa chache, ingia kwanza, ya kudumu utaikuta humo humo." Wapo uliowafaa. Wapo pia wanaokaa miaka mitatu au minne, mkataba baada ya mkataba, wakiamini kwamba bidii yao bado haijaonekana. Mara nyingi bidii imeonekana vizuri kabisa. Kinachokosekana ni nafasi kwenye ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na ikama haiongezeki kwa sababu mtu mmoja anajituma.

Anayepewa mkataba wa saa 20 kwa wiki aulize kwanza: kazi hii ilikuwa ikifanywa na nani kabla yangu, na mtu huyo yuko wapi sasa? Kama yuko likizo ya uzazi au masomoni, kiti kina mwenyewe na atarudi. Kama ni kazi ya mradi, fedha zake zina tarehe ya kwisha. Kama ni msimu wa shughuli nyingi, msimu ukipita mahitaji nayo yanashuka. Matumaini ya kweli yapo pale kazi ilipo mpya na inakua, au pale mtumishi wa kudumu alipoondoka na nafasi yake haijafutwa. Lakini kama aliyetangulia alikuwa wa mkataba, na aliyemtangulia huyo naye wa mkataba, basi kiti hicho kimewekwa kiwe hivyo.

Swali la pili ni la fedha: malipo yatatoka fungu gani? Anayelipwa kutoka fungu la mishahara yumo tayari kwenye hesabu za rasilimali watu. Anayepeleka ankara kila mwezi huhesabiwa mtoa huduma, na ili aajiriwe ni lazima nafasi mpya iombwe, ipitishwe na itengewe fedha. Hapa ndipo wengi hupotezea muda. Husubiri mkataba ubakize wiki mbili ndipo waulizie ajira, wakati bajeti huandaliwa miezi kadhaa kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Ikishafungwa, hata msimamizi anayekukubali kuliko wote hana pa kukuweka. Fahamu tarehe ambayo idara huwasilisha maombi ya watumishi, kisha zungumza na msimamizi walau miezi miwili kabla yake.

Mkataba usomwe neno kwa neno. "Saa zisizozidi 20" maana yake unaweza kupewa saa nne na mwajiri asiwe amekosea; unachotaka ni "saa zisizopungua 20". Maneno "mkataba unaweza kuongezwa kulingana na mahitaji" hayakupi haki yoyote. Kipo pia kifungu kinachokataza kufanya kazi kwingine. Kwa mtu wa saa 40 kina mantiki, lakini kwa mtu wa saa 20 kinafunga nusu ya pili ya riziki yake, kwa hiyo aombe kiondolewe au kihusu washindani wa mwajiri tu. Na aliyeletwa na wakala aulize kama mkataba kati ya wakala na kampuni unaizuia kampuni kumwajiri moja kwa moja kwa kipindi fulani, au unaidai ada ikifanya hivyo. Kuna wanaokosa ajira kwa kifungu ambacho hawakuwahi kukiona.

Malipo ya saa nayo yapigiwe hesabu. Tuseme mtumishi wa kudumu analipwa siku 260 kwa mwaka, yaani wiki 52 za siku tano. Kati ya hizo, 20 ni likizo na 10 ni sikukuu, kwa hiyo anafanya kazi siku 230. Wewe usiyelipwa likizo wala sikukuu unahitaji kiwango cha saa kilichozidi chake kwa asilimia 13 ili tu mlingane, kabla ya kugusa bima na michango ya hifadhi ya jamii. Angalia pia saa hizo zinavyopangwa. Saa 20 zikigawanywa siku tano ni nauli ya siku tano. Zikipangwa siku tatu, mbili za saa saba na moja ya saa sita, nauli inapungua na unabaki na siku mbili kamili za kufanya au kutafuta kazi nyingine. Siku ya kikao cha idara iwe mojawapo ya tatu hizo, kwa sababu asiyekuwapo kikaoni husahaulika.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la saa za ziada zisizoandikwa. Mtu ana mkataba wa saa 20, anafanya 28, nane anazitoa bure ili aonekane. Matokeo yake ni kinyume cha alichotarajia. Kwenye karatasi kazi ile inamalizika ndani ya saa 20, basi nani atamwombea nafasi ya saa 40? Amezificha kwa mkono wake mwenyewe saa ambazo zingekuwa hoja yake. Dawa yake ni daftari: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, kazi iliyofanyika, na aliyeiagiza. Kila mwisho wa wiki mtumie msimamizi muhtasari wa mistari mitano kwa barua pepe, bila lawama: yaliyokamilika, yaliyobaki, na saa zilizotumika. Baada ya wiki 12 mkataba ulikuwa wa saa 240. Daftari likionyesha 336, wastani ni saa 28, na msimamizi ana takwimu ya kupeleka ngazi ya juu. Saa zikizidi mara kwa mara, uliza kabla ya kuzifanya: ziongezwe kwenye malipo, au kazi ipi iachwe?

Katikati ya mkataba, omba kikao kifupi na uulize waziwazi. Je, nafasi ipo kwenye ikama, au inakusudiwa kuombwa? Nani mwenye kauli ya mwisho? Itatangazwa kwa ushindani? Ukitoka hapo, andika barua pepe ya kushukuru inayorudia majibu uliyopewa, maana wasimamizi huhamishwa na ahadi ya mdomo huondoka nao. Nafasi ikitangazwa kwa watumishi wa ndani tu, thibitisha kwamba wa mkataba wanaruhusiwa kuomba. Ikiwa wazi kwa wote, andika maombi kamili kama mgeni. Wengi huangushwa na mazoea: wanaandika mistari miwili kwa kuwa "wananijua", ilhali jopo linatoa alama kwa kilichoandikwa na kilichosemwa mbele yake.

Sheria za nchi hutofautiana, ila misingi ipo. Mkataba Namba 175 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1994, unahusu kazi ya saa pungufu, na Pendekezo Namba 182 la mwaka huohuo linawataka waajiri kuwapa wafanyakazi taarifa za nafasi zilizopo na kuyafikiria maombi ya wanaotaka kuhamia kazi ya saa kamili. Pendekezo Namba 166 la mwaka 1982 linataja, kama njia mojawapo ya kinga, kuuhesabu mkataba wa muda uliokwisha kuhuishwa kuwa usio na kikomo. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 1999, unazitaka nchi wanachama ziwe na angalau kizuizi kimojawapo dhidi ya mikataba ya mfululizo: sababu ya msingi ya kuhuisha, ukomo wa jumla ya muda, au ukomo wa idadi ya mara. Kwa hiyo tunza kila mkataba na kila hati ya malipo, hasa ukisimamishwa wiki chache kisha ukaitwa tena kwenye kazi ileile. Pengo hilo huweza kukatisha mfululizo wa utumishi wako.

Jiwekee pia tarehe yako mwenyewe. Mkataba ukihuishwa mara mbili na nafasi haijatajwa popote kwa maandishi, elekeza nguvu nje, wala usiwe umeacha kutuma maombi tangu siku ya kwanza. Barua ya utambulisho inayotaja majukumu na saa zako iombwe ukiwa bado kazini, kabla msimamizi hajahama.

Kwa waajiri ombi langu ni mstari mmoja tu kwenye tangazo la kazi: nafasi ya kudumu ipo, inaombwa, au haipo. Atakayekuja baada ya kusoma "haipo" atakuwa amekuja akijua, na jioni zake atazipangia mambo mengine.

Mdau wa masuala ya ajira