Nguo za Rembrandt hazikuwa za zama zake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, nimeisoma mara mbili kwa furaha. Lakini maelezo chini ya picha aliyojichora mwaka 1640, akiwa na miaka 34, yanapotosha. Mmesema amevaa kama matajiri wa Amsterdam wa siku zile. Mimi ni fundi cherehani, nashona na mavazi ya maigizo, na picha hiyo nimeikodolea macho sana.

Tazameni shingoni. Shati limekusanywa kwa marinda madogo madogo, yakashikwa na utepe wa tarizi. Tajiri wa Amsterdam wa 1640 alivaa nguo nyeusi na kola pana ya lesi iliyolala mabegani. Shati la marinda, bereti na koti la manyoya ni mavazi ya miaka 100 nyuma, enzi za wachoraji mabingwa Dürer, Raphael na Titian. Leo tunasema karne ya Rembrandt ndiyo iliyokuwa zama za dhahabu za Uholanzi. Yeye za kwake aliziona huko nyuma.

Wala hakujipamba tu. Mwaka 1639 picha ya Castiglione, mwungwana wa Kiitalia, kazi ya Raphael, ilinadiwa Amsterdam. Rembrandt aliiona, akainakili upesi kwa kalamu na kuandika bei kando: gilda (fedha ya Uholanzi) 3,500. Nyumba aliyonunua mwaka huohuo ilikuwa gilda 13,000! Aliyeinunua picha hiyo, mkusanyaji wa sanaa Alfonso Lopez, anadhaniwa kuwa alikuwa pia na picha ya Titian ya mwanamume aliyeegemeza mkono ukingoni, mkono wa nguo umetuna kumwelekea mtazamaji. Rembrandt akauchukua mkao huo na nguo za enzi hizo, akajiweka mwenyewe. Mtoto wa msaga nafaka wa Leiden alikuwa akidai kiti chake kati ya mabingwa.

Jambo hili linaniuma. Mwaka jana shule moja iliniletea picha hiyohiyo niwashonee wanafunzi mavazi ya wafanyabiashara wa Kiholanzi wa karne ya 17. Nilipoeleza, nikaonyeshwa maelezo kama yenu, yamechapishwa kitabuni. Watoto wakapanda jukwaani na bereti.

Naomba mrekebishe toleo lijalo, na picha hiyo muiweke sambamba na ile ya Titian. Zote mbili ziko National Gallery, London. Msomaji ataona mwenyewe mkono ni uleule.

Fundi cherehani,
Morogoro