Taa kuwaka si ushahidi kwamba maziwa ni salama

Ndugu Mhariri,

Mashine za kuua vijidudu kwenye maziwa kwa miale ya urujuanimno zinasifiwa kwa kuwa hazihitaji moto. Siipingi teknolojia hiyo. Ninachodai ni kipimo.

Maziwa yaliyopasteurishwa, yaani yaliyopashwa moto kuua vijidudu, kwa nyuzi 63 dakika 30 au nyuzi 72 sekunde 15, yana kipimo cha siku nyingi. Joto linaloua bakteria wa kifua kikuu huharibu pia kimeng'enya kiitwacho fosfatesi. Unatia maziwa kidogo kwenye neli yenye dawa, unaiweka kwenye nyuzi 37, unasubiri. Yakigeuka manjano, moto haukutosha. Yakibaki meupe, yamepita, na hapo hakuna wa kubishana na mpimaji.

Miale haiharibu kimeng'enya hicho kama joto. Mashine ikiwa nzima, neli itageuka manjano. Ikiwa mbovu, itageuka manjano vilevile. Sasa mkaguzi atashika nini mkononi?

Tena maziwa si maji. Miale hupenya maji safi bila shida, lakini kwenye maziwa haivuki hata milimita moja, maana mafuta na protini huizuia. Lazima yapite kama utando mwembamba, yakivurugwa muda wote. Pampu ikiongezwa kasi ili foleni iishe, mengine hupita bila kuguswa. Na taa ya zebaki huendelea kung'aa buluu hata nguvu yake ya kuua ikiwa imeshuka, au kioo chake kimegandiwa na maziwa.

Muuzaji atakwambia Ulaya wameruhusu. Ni kweli, mwaka 2016, lakini ni kwa maziwa ambayo tayari yamepasteurishwa, na shabaha ilikuwa kuongeza vitamini D.

Naiomba Bodi ya Maziwa na Shirika la Viwango, TBS, wasikubali mashine kwa karatasi za kiwandani peke yake. Maziwa yetu yatiwe, maabarani, bakteria wanaojulikana idadi, yapitishwe kwa kasi ileile itakayotumika dukani, kisha wahesabiwe waliobaki. Mashine iwe na kihisi kinachopima miale na kuzima pampu nguvu ikipungua. Taa ibadilishwe kwa saa zilizowekwa, na daftari lake mkaguzi alione.

Hadi hayo yafanyike, mama anayenunua maziwa hayo ayachemshe kabla ya kumpa mtoto, na muuzaji alazimishwe kumwambia hivyo.

Mpimaji wa maziwa,
Iringa