Risala ya Wanafunzi wa Usanifu na Ujenzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Kazi za Wanafunzi, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo na walimu wetu,
Wazazi, walezi na mafundi mliotoka kazini kuja kutuona,
Wanafunzi wenzetu,

Mbukwenyi!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima hata tukakutana hapa leo. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuketi nasi katika jua hili la Oktoba, ambalo ndilo hasa tunalotaka kulizungumzia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini ni baada ya Serikali kuanza kuhamia kwa vitendo mwaka 2016 ndipo tulipoona Mtumba, Iyumbu na Nzuguni zikijaa nyumba mpya mwaka hadi mwaka. Nyumba ikishasimama hudumu miongo mingi. Ikiwa ya joto, mwenye nyumba atanunua umeme wa Luku kuipoza kwa miaka yote hiyo. Kiyoyozi cha chumba kimoja huvuta umeme wa karibu kilowati 1, ilhali pangaboi huvuta wati 70 hivi. Kama chumba kitatosheka na pangaboi au kitadai kiyoyozi, kwa sehemu kubwa jambo hilo huamuliwa siku ramani inapochorwa. Ndiyo maana kikundi chetu kimejikita kwenye ramani.

Tunatumia EnergyPlus, programu ya uigaji iliyotolewa mwaka 2001 kwa ufadhili wa Wizara ya Nishati ya Marekani. Haina malipo, mwanafunzi yeyote anaweza kuipakua. Unaipa vipimo vya jengo, unene na aina ya ukuta, bati, dari, madirisha, idadi ya watu na saa wanazokuwemo. Kisha unaipa faili la hali ya hewa lenye saa zote 8,760 za mwaka, yaani joto, unyevu, upepo na ukali wa jua wa kila saa. Yenyewe inakokotoa joto linavyoingia, linavyohifadhiwa ukutani na linavyotoka, kisha inakuambia chumba kitakuwa na nyuzi ngapi saa 9 alasiri ya siku yoyote utakayoitaja, kabla hata msingi haujachimbwa.

Kwenye meza ya kwanza utaona darasa kama yalivyo mengi mkoani kwetu: tofali za saruji, bati lisilo na dari, madirisha yakitazama mashariki na magharibi. Kwenye mchoro wa siku moja ya Oktoba, mstari wa joto la ndani unapanda tangu asubuhi, na mchana unaupita ule wa joto la nje. Mtoto aliye darasani anakaa kwenye joto kuliko aliye chini ya mti. Tulipoongeza unene wa ukuta, mstari uliteremka kidogo tu. Tulipoweka dari na kubadilisha bati jekundu kuwa jeupe, uliporomoka. Wengi wetu tulitarajia kinyume chake, lakini sababu iko wazi: Dodoma ipo nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Kwenye nyumba ya chini, paa ndilo linalopigwa zaidi. Mwenye fedha kidogo aanze na paa.

Kisha tukalizungusha darasa lilelile, madirisha yakatazama kaskazini na kusini. Upande wa kaskazini, kanopi ya zege ya sentimita 70 iliyo sawa na ukingo wa juu wa dirisha inatosha kulifunika dirisha lote la mita 1.2 mwezi Juni, jua likiwa kwenye kilele chake cha siku. Dirisha la magharibi halisaidiwi na kanopi hiyo, kwa kuwa jua la jioni linakuja likiwa chini na kuingia moja kwa moja hadi kwenye madawati.

Tuliliingiza pia tembe la Wagogo, lenye kuta nene za udongo na paa bapa la udongo. Joto la mchana lilichelewa sana kufika ndani, likaanza kuhisiwa jioni wakati hewa ya nje imeshapoa. Hatusemi watu warudi kwenye tembe, maana lina giza na paa lake linadai matengenezo. Tunasema wazee wetu waliifahamu hali ya hewa ya hapa, na walichokifahamu kinaweza kupimwa na kuingizwa kwenye nyumba za leo.

Lakini ukuta mzito unafaa tu endapo madirisha yatafunguliwa usiku ili ubaridi wa Dodoma uingie. Kompyuta inaamini lolote unaloiambia. Ukiandika kwamba dirisha litakuwa wazi hadi alfajiri, inakubali. Kwa hiyo tulikwenda kuwauliza wakazi. Wengi walituambia wanafunga madirisha magharibi inapoingia kwa kuogopa mbu na wezi. Tangu hapo kila ramani yetu ina matundu ya hewa yaliyo juu ukutani, yenye nondo na wavu, yasiyohitaji kufungwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunazo changamoto. Kompyuta zetu ni chache na kuukuu, na jengo kubwa linazilemea. Faili la hali ya hewa tunalotumia limetokana na kumbukumbu za miaka iliyopita, hivyo tunahitaji vipimo vyetu wenyewe. Tunakuomba utusaidie kupata kituo kidogo cha kupimia joto, upepo na mionzi ya jua hapa chuoni.

Ombi letu kubwa, hata hivyo, halihitaji fedha nyingi. Viwanja vinapopimwa, mwelekeo wa barabara ndio unaoamua nyumba itatazama wapi. Mwananchi aliyepewa kiwanja chembamba kinachotazama magharibi ameshafungwa mikono kabla hajampata msanifu. Tunakuomba utufikishie neno kwa maafisa mipango miji na wapima ardhi: kabla mchoro wa eneo jipya haujapitishwa, tupewe nakala tuujaribu kwenye programu na kuurudisha na maoni. Tutaifanya kazi hiyo bila malipo.

Sasa tunakukaribisha kwenye meza. Chagua nyumba yoyote, igeuze upande utakao, nasi tutakuonesha joto lake la saa 9 alasiri.

Tunaomba kuwasilisha.