Presha ikiwa juu sio kwamba damu inakimbia sana

Wiki hii tu wateja watatu wa duka letu la dawa wamekaa kwenye kile kiti chetu cha plastiki, tumewafunga mkanda wa mashine, namba ikasoma juu na wote wakasema neno moja, "kumbe damu yangu inakimbia sana eeh". Hapana jamani, mara nyingi ni mishipa imekaza na damu inapita kwa shida.

Iko hivi, ukuta wa ndani wa mshipa unatengeneza gesi inaitwa naitriki oksaidi (sio ile ya kuchekesha ya daktari wa meno), inaishi sekunde chache tu na kazi yake ni kuulegeza msuli wa mshipa. Wamarekani watatu walipata tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa mambo ya hii gesi.

Sasa ikizuiwa? Mwaka 1989 watafiti wa London walipitisha dawa ya kuizuia, L-NMMA, kwenye mshipa wa mkono wa watu wazima wenye afya zao na damu inayopita mkononi ikapungua karibu nusu. Ukiizuia mwili mzima presha inapanda lakini moyo unapunguza mapigo na unasukuma damu kidogo kuliko mwanzo. Kanyaga mpira wa kumwagilia uone, upande wa bomba unavimba halafu kwenye mchicha maji hayafiki, na moyo ndo uko upande wa bomba.

Madaktari waliwahi kuwapa dawa hiyo wagonjwa mahututi ambao presha imeshuka kwa maambukizi makali, presha kweli ikapanda, ila wakafa wengi kuliko wale ambao hawakupewa, jaribio likasimamishwa.

Dukani hatuuzi L-NMMA, ila sigara na kisukari kilichoachwa bila matibabu vinaipunguza hiyo gesi polepole, ndo maana tukikupima tunakuuliza maswali mengi.

Na kuna upande wa pili. Vidonge vya moyo vya kuweka chini ya ulimi vinaongeza gesi hiyohiyo, na vya nguvu za kiume vinaizidishia kazi yake, ukivichanganya presha inaporomoka ghafla na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo kaka ukija kununua vile vya pili tukakuuliza kama una dawa ya moyo usikasirike, na kama kuna foleni nyuma yako sogea tu pembeni kwenye kaunta utunong'oneze.